Darasa Chini ya Mti: Afya ya Mtoto Anayesomea Nje

[Muziki mfupi]

   Kama una kazi jikoni, endelea nayo polepole huku ukisikiliza. Kama kuna jirani karibu, mwite naye asikilize.

Leo tuna jambo ambalo kina mama wengi huniuliza wanapoleta watoto kliniki. Huniuliza hivi: "Sista, hawa watoto wetu siku hizi wanasoma au wanacheza?" Asubuhi mama anamvisha mtoto sare safi. Jioni mtoto anarudi na matope magotini, mbegu za maharagwe mfukoni na majani makavu ndani ya daftari. Akiulizwa mwalimu alifundisha nini, anajibu tu, "Tulitoka nje." Mama anaona sabuni inaisha bure. Wengine wameshafika shuleni kumwambia mwalimu kwamba mtoto wao asitolewe nje tena, kwa sababu atapata minyoo, atachomwa na jua au ataumwa na nyoka.

Hofu hiyo si ya bure, na hatutaidharau. Lakini mtoto kufungiwa ndani siku nzima nako kuna madhara yake. Kwa hivyo leo tutaangalia mambo matatu. Kwanza, kwa nini mwalimu huwatoa watoto nje. Pili, mwili wa mtoto unapata faida gani. Tatu, hatari ni zipi, na wewe mzazi au mlezi uzizuie vipi.

KWA NINI MWALIMU HUWATOA WATOTO NJE

Mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi ulianza kutumika kote nchini katika madarasa ya chekechea hadi Gredi ya 3. Uliendelea kupanda mwaka baada ya mwaka, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa mwaka 2023. Katika mtaala huu mtoto hatakiwi kukariri tu. Anatakiwa aonyeshe kwamba anaweza kufanya jambo. Ndiyo maana watoto wadogo wana somo la Shughuli za Mazingira, na wakubwa kidogo wanajifunza kilimo.

Lakini kusomea nje hakukuanza na mtaala huu. Nyanya wanaonisikiliza watakumbuka kuandika herufi kwa kidole kwenye mchanga. Wengi wetu tulisikia pia habari za vyama vya 4K shuleni, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo watoto walifundishwa kulima na kufuga. Vyama hivyo vilififia kwa muda mrefu, vikafufuliwa mwaka 2021. Navyo vyama vya wanyamapori mashuleni vimekuwako tangu mwaka 1968.

Sasa tuone somo lenyewe. Mwalimu anasimamisha kijiti uwanjani saa tatu asubuhi. Watoto wanapima kivuli chake kwa kamba au rula na kuandika. Saa sita wanarudi kupima tena, na saa tisa vivyo hivyo. Wanaona kivuli kimefupika, kisha kimerefuka upande wa pili. Hapo wamejifunza hesabu, saa, pande za dunia na mwendo wa jua kwa mara moja. Na kwa kuwa ikweta inapita katikati ya nchi yetu, karibu na mwisho wa mwezi wa tatu na wa tisa wataona kivuli cha adhuhuri kimekuwa kidogo kabisa, chini ya kijiti.

Au mwalimu anampa kila mtoto maharagwe matano ayapande. Baada ya wiki moja hivi, mmoja anaona yake yote yameota, mwingine mawili tu, mwingine hana hata moja. Sasa wanaulizana kwa nini. Nani alipanda chini sana? Nani alisahau kumwagilia? Nani aliweka maji mengi mpaka mbegu zikaoza? Mtoto aliyepata jibu hilo kwa mikono yake hatalisahau wakati wa mtihani.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 2004, alieleza jinsi alivyokuwa akitumwa mtoni alipokuwa mtoto. Huko aliona mayai ya chura yaliyo kama shanga, akajaribu kuyashika, yakawa yanakatika. Baadaye aliona viluwiluwi vikiogelea. Mtoto huyo aliyechezea majini ndiye aliyekuja kuwa mwanasayansi, na mwaka 1977 akaanzisha harakati za kupanda miti zilizojulikana duniani kote.

FAIDA KWA MWILI WA MTOTO

Macho. Mtoto anayetazama vitu vya karibu siku nzima, kitabu, ubao na simu, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, yuko katika hatari zaidi ya kupata tatizo la kutoona mbali. Katika tatizo hili jicho hurefuka kupita kiasi. Mtoto huanza kukodoa macho, au huomba kukaa karibu na ubao. Mwanga wa nje, hata kivulini, una nguvu mara nyingi kuliko ule wa darasani, nao husaidia jicho kukua vizuri. Katika mji wa Guangzhou, China, wataalamu walichagua shule 12 na kugawa watoto wa darasa la kwanza makundi mawili. Kundi moja liliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, watoto karibu 40 katika kila 100 walikuwa na tatizo hilo katika kundi ambalo halikuongezewa muda. Katika kundi lililotoka nje walikuwa kama 30 katika kila 100. Dakika 40 tu za nje, bila dawa, bila miwani. Lakini mama, elewa vizuri: kutoka nje hupunguza uwezekano wa tatizo kuanza. Mtoto ambaye tayari haoni mbali anahitaji kupimwa macho na kupewa miwani.

Mifupa na misuli. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo hufanya mifupa iwe migumu. Hata katika nchi hii yetu yenye jua, bado tunaona watoto wenye matege kwa sababu ya kufungiwa ndani ya nyumba zisizo na jua wakiwa wachanga. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka na kutumia nguvu. Mtoto anayetoka kitandani, akapanda matatu, akakaa kwenye dawati, akarudi na matatu, kisha akakaa mbele ya televisheni, hafikishi dakika hizo.

Hewa. Kifua kikuu, homa na ukambi huenea haraka pale watu wengi wanapovuta hewa moja ndani ya chumba kilichofungwa. Jambo hili si geni. Mwaka 1904, huko Charlottenburg karibu na Berlin, Ujerumani, ilifunguliwa shule ndani ya msitu wa misonobari kwa ajili ya watoto wadhaifu waliokuwa katika hatari ya kupata kifua kikuu. Walisoma nje, wakala na kupumzika nje. Shule za namna hiyo zikaenea Ulaya na Marekani. Na sisi tulikumbushwa jambo hilo shule zilipofungwa mwezi wa tatu mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa tena, kuna shule zilizopeleka baadhi ya wanafunzi chini ya miti ili watoto wasibanane.

Chakula. Mtoto aliyepanda sukuma wiki, mchicha, kunde au managu kwa mkono wake, akaimwagilia na kuichuma, huwa tayari zaidi kuila. Kama una mtoto anayetenga mboga kando ya sahani, mwombe akuonyeshe walichopanda shuleni. Mpe naye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba, au gunia la udongo kama mnaishi ploti.

[Muziki mfupi]

HATARI ZILIZOKO NA JINSI YA KUZIZUIA

Sasa tuje kwenye yale yanayokutia hofu. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba.

1. Minyoo

Kina mama wengi husema udongo ndio unaoleta minyoo. Udongo peke yake hauna minyoo ya tumboni. Minyoo hutoka kwa mtu. Mtu mwenye minyoo akienda haja kubwa kichakani, mayai yanabaki udongoni. Mayai ya minyoo ya safura huanguliwa, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Hufika kwenye utumbo na kunyonya damu. Mtoto anakosa damu, anachoka, analala darasani, na watu wanasema ni mvivu. Minyoo mingine huingia kwa mdomo, mtoto anapokula na mikono michafu au akila tunda ambalo halikuoshwa.

Kwa hivyo fanya mambo manne. Hakikisha kila mtu nyumbani anatumia choo, hata watoto wadogo. Mvishe mtoto viatu anapokwenda shambani. Si lazima viwe vya bei, hata viatu vya plastiki vinavyofunika mguu vinafaa. Mkate kucha kila wiki. Mfundishe kunawa mikono kwa sabuni kila anapotoka shambani, anapotoka chooni na kabla ya kula.

Kama shule haina mfereji, wazazi wanaweza kutengeneza mtungi wa kunawia. Chukua jerikeni ya lita 5. Kwa msumari uliopashwa moto, toboa tundu dogo sehemu ya juu, upande wa mdomo wake. Ining'inize kwenye mti unaolala juu ya nguzo mbili. Funga kamba shingoni mwa jerikeni na upande wa pili uifunge kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto akikanyaga kijiti, jerikeni inainama na maji yanachirizika kidogo kidogo. Hagusi chochote kwa mikono michafu. Kipande cha sabuni kitobolewe na kuning'inizwa hapo hapo.

Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuwapa watoto dawa ya minyoo shuleni katika sehemu zenye minyoo wengi, na mwaka 2012 mpango ukapanuliwa. Siku ya dawa ikitangazwa, mtoto asikose shule. Isipotangazwa kwenu, uliza katika kituo cha afya kilicho karibu.

2. Funza

Funza hukaa kwenye vumbi na mchanga mkavu. Mwambie mtoto akupe miguu uitazame kila jioni anapooga, hasa kati ya vidole na kwenye kisigino. Ukiona kidoa cheusi kinachowasha, mpeleke kituo cha afya au umwone mhudumu wa afya wa kijiji. Pini au sindano moja isitumiwe kutolea funza watoto wawili, kwa sababu inaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Darasa la udongo na sakafu ya nyumbani vinyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa.

3. Kichocho

Kama unaishi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, au sehemu za Pwani zenye mabwawa, sikiliza sana. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono walio majini na kupenya ngozi ya mtu anayekanyaga maji. Somo la mto au bwawa lifanywe kwa kutazama kutoka ukingoni. Mwalimu achote maji kwa ndoo yenye kamba, watoto waangalie viumbe ndani ya chombo bila kutia mikono. Mtoto akikojoa damu au akiwa na damu kwenye choo, usingoje. Kuna dawa.

4. Jua na kiu

Somo la nje lifanywe asubuhi au jioni kidogo, na kama ni adhuhuri liwe kivulini. Mtoto abebe chupa ya maji safi kutoka nyumbani. Chupa iliyooshwa ya soda inatosha. Mtoto akilalamika kichwa kinauma, ana kizunguzungu, au mkojo wake ni wa njano iliyokolea, maji yamempungua mwilini. Apelekwe kivulini na anyweshwe maji polepole. Akichanganyikiwa au kuzirai, mmwagieni maji, mpepeeni, na mkimbizeni hospitali.

5. Radi

Hapa naomba kila mzazi asikilize, hasa walio Kisii, Kakamega na sehemu zote za magharibi ambako radi hupiga mara nyingi. Mti ni darasa zuri wakati wa jua. Wakati wa radi, mti ni mahali pa kifo. Radi hupenda kupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake, na hupita kwenye mti hadi kwa aliyejikinga chini yake. Mara tu ngurumo inaposikika, hata kama mvua bado haijanyesha, watoto waache jembe na ndoo za bati pale walipo na waingie ndani ya jengo lenye kuta. Wasikae chini ya mti wala karibu na milingoti ya mpira. Wasitoke tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mfundishe mtoto wako hivi hata kwa ajili ya njiani. Mvua ikianza akitoka shule, asikimbilie mti. Na mtu akipigwa na radi, mshikeni na kumsaidia. Mwili wake haubaki na umeme. Wengi hufa kwa sababu watu wanaogopa kuwagusa.

6. Nyoka, nyuki na mbwa

Nyasi za uwanjani na kando ya shamba zikatwe fupi. Mawe na kuni zisirundikwe karibu na darasa. Watoto wafundishwe kutotia mkono shimoni wala chini ya jiwe.

Nyoka akimuuma mtoto, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze saa nyingi ukitafuta jiwe jeusi. Mlaze, mtulize, mfunge ubao kwenye kiungo kilichoumwa kisisogee, mvue bangili na viatu, kisha umbebe hadi hospitali. Asitembee. Nyoka anayetema mate akimpata machoni, msafishe macho kwa maji mengi mara moja, kisha mpeleke hospitali.

Nyuki akimuuma mtoto, toa mwiba haraka. Midomo ikivimba, upele ukitoka mwili mzima au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura. Mbwa akimuuma au hata kumkwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke siku hiyo hiyo apewe chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

7. Majeraha na dawa za shamba

Msumari, jembe au mwiba ukimjeruhi mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji safi. Usipake samadi wala majivu. Kama kidonda ni kirefu au kina uchafu, mpeleke kituo cha afya aangaliwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Beba kadi yake ya kliniki. Ndiyo maana nasema kila siku kadi hiyo isitupwe mtoto anapofikisha miaka mitano.

Dawa za kuua wadudu si kazi ya mtoto. Asichanganye, asinyunyize, asioshe pampu, na asiingie shambani siku lililonyunyizwa. Majivu ya jikoni yanatosha kwa wadudu wengi wa bustani ya shule.

WATOTO WANAOHITAJI UANGALIZI ZAIDI

Usimfiche mtoto wako kwa sababu ana tatizo la afya. Mwambie mwalimu mapema. Mtoto mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu, akae kivulini, na apakwe mafuta ya kukinga jua. Ulizia mafuta hayo hospitalini au katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwa kuwa macho yake hayaoni mbali vizuri, mwalimu ampe kitu akitazame kwa karibu.

Mwenye pumu abebe pampu yake, na asifagie vumbi. Mwenye kifafa asipande mti wala kukaribia maji peke yake. Mwenye ugonjwa wa selimundu anywe maji mara kwa mara na asinyeshewe. Na mtoto asiyetembea naye apelekwe nje. Bustani inaweza kupandwa ndani ya magunia au juu ya meza, pale mikono yake inapofika.

SOMO AU KAZI?

Kuna malalamiko mengine ambayo nimeyasikia, na ni lazima tuyaseme. Baadhi ya watoto hutolewa nje, lakini si kwa somo. Hupelekwa kulima shamba la mtu, kubeba mawe au kuchota maji ya nyumba ya mwalimu. Wengine hulimishwa kama adhabu.

Utajuaje tofauti? Muulize mtoto maswali matatu. Mlifanya nini? Mliona nini? Mliandika au mlisema nini baadaye? Kama lilikuwa somo, atakuwa na jibu la swali la pili na la tatu. Atakuambia mche umefikia urefu gani, au kwa nini mchwa hujenga kichuguu. Kama alibeba mawe tu, atakuwa na jibu la kwanza peke yake, na maumivu ya mgongo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto na kazi zinazomdhuru. Ukiwa na wasiwasi, zungumza kwanza na mwalimu kwa heshima, kisha mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule. Nenda pamoja na wazazi wengine. Usiende kumtukana mwalimu mbele ya watoto.

[Muziki mfupi]

MASWALI YA KINA MAMA

Swali: Sista, mimi nafua kwa mkono na maji nanunua. Nitafanya nini na sare chafu kila siku?

Jibu: Ni kweli, maji ni gharama. Kubalianeni na mwalimu siku za shambani, kwa mfano mara mbili kwa wiki. Siku hizo mtoto abebe shati kuukuu la kuvaa juu ya sare. Matope yakikauka, yakung'ute kwanza kabla ya kufua. Na mtoto wa Gredi ya 3 anaweza kufua soksi zake mwenyewe.

Swali: Mtoto wangu ana kikohozi. Asitolewe nje kwenye baridi?

Jibu: Baridi peke yake haileti kikohozi. Mvishe sweta atoke. Lakini kikohozi kikizidi wiki mbili, akikonda, au akitoka jasho usiku, mlete apimwe kifua kikuu. Akipumua haraka au mbavu zikiingia ndani, mlete leo hii.

Swali: Binti yangu ameanza hedhi na hataki siku za shambani.

Jibu: Hedhi haiharibu mimea, wala mimea haimdhuru yeye. Mara nyingi tatizo ni ukosefu wa sodo na choo chenye mlango. Mpe sodo na chupi ya ziada ndani ya mfuko, na muulize mwalimu wa kike kama kuna mahali pa kubadilishia.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Mtoto kusomea nje ni kusoma. Muulize aliona nini.
• Viatu, kucha fupi, sabuni na choo ndivyo vinavyozuia minyoo.
• Ngurumo ikisikika, watoto waingie ndani. Wasikae chini ya mti.
• Nyoka akiuma, usichanje wala usifunge. Mbebe mtoto hadi hospitali.
• Mbwa akiuma, sabuni na maji dakika 15, kisha chanjo siku hiyo hiyo.
• Mweleze mwalimu ugonjwa wa mtoto wako kabla ya siku ya shambani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Uwanja wa shule yetu una kivuli cha kutosha? Kama hauna, tunaweza kupanda miti gani, na nani ataimwagilia wakati wa kiangazi?
2. Watoto wetu wananawa wapi wakitoka shambani? Nani ana jerikeni ya kutoa?
3. Mvua ya radi ikija, watoto wataingilia jengo gani? Je, walimu na watoto wote wanalijua?
4. Hospitali iliyo karibu ambayo hutibu walioumwa na nyoka iko wapi, na tutamfikishaje mtoto huko usiku?

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mtoto naye afundishwe akiwa bado mdogo, na kama mafunzo hayo yatampaka matope kidogo, maji na sabuni vipo. Jioni hii mtoto wako akirudi, kabla ya kumuuliza kwa nini amechafuka, muulize ameona nini.

 Mazungumzo yajayo yatahusu chakula cha mtoto cha kubeba shuleni. 

[Muziki wa kufunga]